Tunapimaje kama rais anayumba tu au anakaribia kuondolewa?

Mwanabiashara wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu wasomaji, salamu kwenu. Mimi ni mmoja wa wafanyabiashara wa unga wa mahindi na mafuta ya kupikia tunaopitisha mali yetu mpakani Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, na tumejikusanya katika chama kidogo ambamo kila mwanachama huchukua mzigo kwa mkopo na kuulipa baada ya kuuza. Kila inapotoka habari Kinshasa kwamba jenerali fulani amekamatwa, au kwamba rais amesafiri kwa matibabu, au kwamba wabunge wanakusanya saini, asubuhi ile ile kambisti, yaani wabadilisha fedha, wa pembeni ya soko hupandisha bei ya dola au huondoa kabisa meza zao, wauzaji wa upande wa Zambia hudai fedha taslimu, na sisi tunabaki kuulizana kama ni kelele za kawaida au kama kweli kuna jambo. Majuma yanapita, aghalabu hakuna kilichotokea, ila hasara tumekwisha kuipata.

Wenzangu wameniomba niwaandikie tathmini ya kurasa mbili, bila ushabiki, kuhusu uwezekano wa rais wa nchi, awe nani, kuondoka kabla ya muhula wake kwisha, na dalili zinazopaswa kutufanya tupunguze mikopo. Sitafuti utabiri, wala siulizi nani anampenda nani. Ninataka kujua mtu makini huanzia wapi. Je, umaarufu wa kiongozi una uzito? Je, kupoteza miji vitani ni dalili ya mwisho wake? Dola ikipanda, tuogope? Na je, inafaa kuandika tarakimu, au tarakimu katika mambo kama haya ni kujidanganya?

Mwalimu mstaafu (Kampemba)

Ndugu yangu, swali lako ni zuri, ila umeliuliza kama ni moja wakati ndani yake mna maswali kadhaa. Rais haondoki hivi hivi. Huondoka kwa njia fulani, na kila njia ina watu wake, masharti yake na dalili zake. Anayesema "hali ni tete" bila kutaja njia hajasema kitu, kwa sababu hukumu ya namna hiyo haiwezi kamwe kuonekana kuwa na kosa.

Anza na historia yetu wenyewe. Tangu 1960 nchi hii imekuwa na wakuu wa nchi watano. Kasa-Vubu aliondolewa na jeshi usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1965. Mobutu aliikimbia Kinshasa tarehe 16 Mei 1997, na kesho yake majeshi ya waasi wa AFDL yakaingia, huku Laurent-Désiré Kabila akijitangaza rais akiwa hapa hapa Lubumbashi. Yeye naye alipigwa risasi na mlinzi wake tarehe 16 Januari 2001. Joseph Kabila ndiye pekee aliyemkabidhi madaraka mrithi aliyetangazwa mshindi wa uchaguzi, Januari 2019, na hata hivyo ilikuwa miaka miwili baada ya muhula wake kumalizika. Katika hao wanne waliotoka, hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa kura ya bunge. Ajabu ni kwamba njia hiyo ambayo haijawahi kutumika ndiyo inayojaza magazeti kila wabunge wanaponuniana.

Si kwamba sheria haipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 166, inataka theluthi mbili za wajumbe wa mabunge yote mawili wakikaa pamoja ndipo rais ashitakiwe mbele ya Mahakama ya Katiba, na kifungu cha 165 kinaeleza uhaini mkubwa ni nini, pamoja na kuachia sehemu ya ardhi ya taifa. Lakini njia ya sheria hufanya kazi pale ambapo kila mwenye bunduki anakubali kumtii hakimu. Korea Kusini, rais Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi tarehe 3 Desemba 2024, bunge likapiga kura ya kumshitaki siku kumi na moja baadaye, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa, naye akaondoka. Usiichukue kanuni ya nchi ile na kuipandikiza kwetu kwa sababu tu maandishi ya katiba yanafanana.

Hesabu ya viti bungeni ndiyo inayowapotosha wengi zaidi. Mwisho wa 2020, muungano wa vyama wa FCC wa rais mstaafu Joseph Kabila ulikuwa na wabunge zaidi ya 300 katika bunge la watu 500, na mtu yeyote aliyetegemea hesabu hiyo angeandika kwamba rais aliyeko ikulu, Félix Tshisekedi, amefungwa mikono. Tarehe 6 Desemba rais akatangaza kwamba ushirikiano umekwisha. Tarehe 10 spika Jeanine Mabunda akaangushwa. Tarehe 27 Januari 2021 waziri mkuu Ilunga Ilunkamba akaangushwa kwa hoja ya kutokuwa na imani, na walioipitisha wengi wao walikuwa wabunge wa muungano uleule uliomweka. Majuma saba, na wingi mzima ukawa umehamia upande wa pili. Viti bungeni kwetu hufuata nguvu, havitangulii. Kwa hiyo ukiona wabunge wanahama, jua kwamba uamuzi ulikwisha kufanyika mahali pengine, na ukiona wametulia, usilale usingizi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo bunge lina hatari moja ninayoiogopa, nayo ni mkwamo. Tarehe 13 Oktoba 1965 Kasa-Vubu alimfukuza waziri mkuu Tshombe, akamteua Évariste Kimba, bunge likamkataa tarehe 14 Novemba, na rais akamteua tena yule yule. Siku kumi baadaye Mobutu, mkuu wa jeshi, alikuwa na sababu tayari mkononi: wanasiasa wameshindwa kuelewana. Bunge halikumwondoa mtu, ila lilimpa askari maneno ya kusema redioni.

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Kwa heshima yako, Mwalimu, umeeleza vizuri, lakini ndugu wa Katuba aliuliza pia kuhusu miji inayopotea vitani, na hilo hukuligusa. Sisi wa huku tumeliishi. Nitasema juu ya yaliyopita tu, na wanaoishi hapa hawatahitaji kuniuliza sababu.

Mwisho wa Oktoba 1996 Bukavu ilianguka, na Goma ikafuata siku chache baadaye, wakati Mobutu yuko Ulaya akitibiwa saratani. Kisangani ikaanguka Machi 1997, Lubumbashi Aprili, Kinshasa Mei. Mtu akiitazama safari hiyo peke yake atasema kwamba rais anayepoteza Kivu amekwisha. Lakini tazama Agosti 1998. Uasi ulianzia tena Goma na Bukavu, askari wakarushwa kwa ndege hadi Kitona upande wa bahari, wakalichukua bwawa la Inga na kuukatia mji mkuu umeme. Angola na Zimbabwe zikaja, na Kinshasa haikuanguka. Laurent-Désiré Kabila alitawala miaka zaidi ya miwili bila kuwa na karibu nusu ya nchi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliichukua Goma, wakatoka mwanzoni mwa Desemba, na Joseph Kabila akaendelea hadi 2019. Goma ilipochukuliwa tena Januari 2025, na Bukavu Februari, wapo waliosema kwamba Kinshasa haitafika Pasaka. Ilifika.

Kwa hiyo mji uliopotea peke yake haukuambii kitu. Kinachokuambia ni umbali wa vita kutoka mji mkuu, kama jeshi linarudi nyuma kwa mpangilio au linapora na kukimbia kama lile la 1996, na zaidi ya yote, kama yupo wa nje atakayekuja. Ninyi wa Katanga mnalijua hili kuliko sisi. Mwaka 1977 askari wa Morocco wapatao 1,500 walibebwa na ndege za Ufaransa kuja kumwokoa Mobutu huko kwenu Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na Mei 1978 askari wa kigeni wa Ufaransa na makomandoo wa Ubelgiji wakashuka Kolwezi na kandokando yake. Mwaka 1997 hakuna nchi iliyotuma jeshi lake kumwokoa, kwa sababu Vita Baridi vilikuwa vimekwisha na yule mzee hakuwa na faida tena kwa waliomlinda. Zaidi ya hapo, Angola ilikuwa upande wa pili, na miongoni mwa walioshuka na AFDL walikuwamo wana wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola miaka mingi. Jeshi lilikuwa bovu 1977, likawa bovu 1997. Kilichobadilika ni waokozi.

Katika tathmini yako, ndugu, weka ukurasa mzima wa marafiki: nani ana askari nchini, nani ana madini ya kulinda, nani amekwisha kusema hadharani kwamba hataki kuingia, na mkataba wa nani unafikia mwisho lini.

Mhasibu wa Golf (Lubumbashi)

Mimi nitasema kuhusu fedha, maana hapo ndipo wenzetu wa chama wanapoogopa bila sababu. Dola kupanda si dalili ya rais kuanguka. Mwaka 2023 faranga yetu ilishuka kutoka karibu 2,000 hadi zaidi ya 2,500 kwa dola moja, kila mama wa sokoni alilalamika, na Desemba mwaka huo huo rais akatangazwa kuchaguliwa tena kwa asilimia zaidi ya sabini. Kambisti ni mtu mwerevu, lakini anapima hofu ya wateja wake wa saa ile, si nia ya makamanda.

Swali lenye faida ni moja: mshahara wa nani umechelewa? Septemba 1991 askari wa miavuli wa Kinshasa, ambao mshahara wao haukutosha hata kula, walitoka kambini na kupora mji, na uporaji ukasambaa hadi mikoani. Januari 1993 ilikuwa mbaya zaidi. Serikali ilichapisha noti ya zaire milioni tano, waziri mkuu Étienne Tshisekedi akasema kwamba noti hiyo si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Fikirieni askari aliyepokea mshahara wake wote katika noti mbili tatu, akaenda kununua unga, akarudishiwa noti mkononi, akaenda duka la pili, akarudishiwa tena. Alikuwa na njaa, fedha isiyonunua kitu, na silaha. Balozi wa Ufaransa aliuawa katika ghasia hizo, pamoja na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na bado Mobutu akabaki miaka minne mingine. Kwa nini? Kwa sababu waliopora walikuwa askari wa kawaida, wakati Kikosi Maalumu cha Rais, ambacho maafisa wake wengi walitoka eneo lake la nyumbani, kililipwa vizuri na kikatumwa kuwazima wengine. Ndiyo maana nasema usiulize kama serikali haina fedha. Uliza kama inazo za kuwalipa wale wachache.

Bei ya chakula hufanya kazi kwa kupitia njia hiyo hiyo. Sudan, Desemba 2018, maandamano yalianzia Atbara kwa sababu ya mkate, yakaendelea miezi karibu minne bila kumtikisa Omar al-Bashir. Kilichombadilishia hali ni pale umati ulipokaa mbele ya makao makuu ya jeshi kuanzia tarehe 6 Aprili 2019 na baadhi ya askari vijana wakawakinga waandamanaji dhidi ya vyombo vingine vya usalama. Tarehe 11 majenerali wake mwenyewe wakamwondoa.

Mwanabiashara wa Katuba (Lubumbashi)

Nawashukuru sana nyote, na Mama wa Ibanda nakupa pole na heshima. Nikiwasoma pamoja naona kwamba kila njia inaishia kambini, yaani mahali ambapo sisi wauza unga hatuwezi kuchungulia. Mtu wa nje huona nini? Na bado hamjanijibu kuhusu umaarufu na tarakimu.

Mwalimu mstaafu (Kampemba)

Unaona zaidi ya unavyofikiri, ndugu, kwa sababu katika nchi yetu maamuzi makubwa husomwa kwenye televisheni ya taifa. Msomaji wa habari anapoketi usiku na kuanza kusoma amri za rais, jina baada ya jina, kifungu baada ya kifungu, wengi wetu huzima tukalale. Usizime. Andika nani ametolewa ukuu wa walinzi, nani amepelekwa mkoa wa mbali, na nani amepandishwa cheo lakini hakupewa askari wa kuongoza. Daftari la mwaka mmoja la uteuzi huo lina thamani kuliko uvumi wote wa redio ya barabarani.

Ugumu uko katika kulisoma. Kukamatwa kwa jenerali kunaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: kwamba rais ana nguvu za kutosha kumkamata mtu mkubwa bila kikosi chake kunyanyuka, au kwamba ameanza kuwaogopa walio karibu naye. Mimi hungoja majuma machache. Kama baada ya kukamatwa huko walinzi hawakubadilishwa, safari za rais zinaendelea, na mikutano ya baraza la mawaziri inafanyika siku zake, ninasoma maana ya kwanza. Kama kila juma kuna mabadiliko mengine, ninaanza kufikiri ya pili.

Hatari iliyo karibu ndiyo kubwa. Alpha Condé wa Guinea aliondolewa tarehe 5 Septemba 2021 na vikosi maalumu ambavyo yeye mwenyewe aliviunda. Mohamed Bazoum wa Niger alifungiwa nyumbani tarehe 26 Julai 2023 na mkuu wa walinzi wake, ambaye iliripotiwa kwamba alikuwa karibu kubadilishwa. Ali Bongo wa Gabon aliondolewa tarehe 30 Agosti 2023, muda mfupi baada ya kutangazwa mshindi wa uchaguzi, na mkuu wa walinzi wake pia. Robert Mugabe alimfukuza makamu wake tarehe 6 Novemba 2017, na tarehe 21 mwezi huo huo alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu. Katika yote haya mtu wa nje asingeona umati mkubwa barabarani katika majuma kabla ya askari kusogea. Angeona tu uhusiano ulioharibika kati ya kiongozi na mtu mmoja mwenye silaha karibu naye, au mtu aliyeungwa mkono na wenye silaha.

Mkitaka kujua kama jaribio linafaulu saa zile zile linapotokea, tazameni nani anasema kwenye redio ya taifa, nani ameshika uwanja wa ndege, na kama kuna kikosi cha pili kilichojiunga. Mei 2015, rais Nkurunziza wa Burundi akiwa Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwamba amempindua, na watu wakacheza barabarani Bujumbura. Lakini redio ya taifa ilibaki mikononi mwa waliomtii rais, na baada ya siku mbili yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi. Tarehe 19 Mei 2024, mpinzani Christian Malanga na watu wake walifika hadi ndani ya Ikulu ya Taifa pale Kinshasa wakijipiga picha na kuzirusha mtandaoni, na hakuna kikosi hata kimoja kilichonyanyuka kuwafuata. Ilikwisha kabla ya watu kutoka misa ya pili.

Kuna jambo moja linalosahauliwa sana, na naliweka hapa kwa sababu linaunganisha niliyosema na aliyosema Mama wa Ibanda. Rais anayeogopa mapinduzi hulivunja jeshi vipande vipande: walinzi wanaolipwa upande huu, brigedi zisizo na mafuta ya gari upande ule, makamanda wasiozungumza wao kwa wao, na ripoti zinazopita juu ya kichwa cha mkuu wa majeshi. Hatua hizo hupunguza kweli hatari ya kupinduliwa. Lakini jeshi lililopangwa lisiweze kupindua ni jeshi lisiloweza kupigana, na siku adui anapokuja kutoka nje hakuna wa kumzuia. Mobutu aliiziba njia ya 1965 kwa ustadi mkubwa kwa miaka thelathini, na kwa kufanya hivyo akaifungua ile ya 1997. Kwa hiyo ukiandika kwamba hatari ya mapinduzi imepungua, jiulize papo hapo imeongezeka wapi.

Kijana wa Himbi (Goma)

Mwalimu, mimi ni mdogo kwako, naomba uniruhusu nipinge kidogo. Unawapa walinzi uzito mno na kusahau kalenda. Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikuwa na kikosi cha walinzi kilichokuwa na silaha na mafunzo bora kuliko jeshi lililobaki, na hakikumpindua. Alitaka kubadilisha kifungu cha 37 cha katiba ili agombee tena. Tarehe 30 Oktoba 2014, siku ya kura ya mabadiliko hayo bungeni, watu walilichoma jengo la bunge, na kesho yake akaondoka nchini baada ya miaka 27. Condé naye, kabla ya wale askari, alikuwa amejipatia muhula wa tatu kwa kubadilisha katiba. Kwetu, kifungu cha 70 kinaruhusu miaka mitano inayorudiwa mara moja, na kifungu cha 220 kinakataza kuigusa idadi na urefu wa mihula. Januari 2015 Kinshasa, Goma na Bukavu ziliwaka kwa sababu ya kifungu kimoja tu cha sheria ya uchaguzi kilichotaka sensa ifanyike kabla ya uchaguzi, jambo ambalo lingeuchelewesha, na bunge likakiondoa.

Kwa hiyo anayepima hatari achukue kalenda, aweke alama mwaka wa mwisho wa muhula wa pili, siku ambayo mswada wa kubadilisha katiba unaweza kuwasilishwa, na miezi miwili kabla na baada ya kila uchaguzi. Nje ya siku hizo uvumi mwingi ni bure.

Lakini kalenda nayo si hukumu. Muhula wa Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016 na hakuondoka. Aliita mazungumzo, akamteua Samy Badibanga kutoka upinzani kuwa waziri mkuu, maaskofu wakapatanisha makubaliano ya tarehe 31 Desemba, na miezi michache baadaye akamteua mpinzani mwingine, Bruno Tshibala. Kila uteuzi uliwagawa wapinzani wake upya. Nadhani hapa ndipo umaarufu unapopata nafasi yake, ndugu wa Katuba: rais asiyependwa anaweza kukaa muda mrefu ikiwa wasiompenda hawakubaliani nani amrithi. Ukisoma kwamba watu hawamtaki, tafuta pia kama wanaye mmoja wanayemtaka wote.

Kuhusu tarakimu, ziandike, lakini kila mara pamoja na muda na njia. "Uwezekano wa kuondolewa na jeshi katika miezi sita ijayo ni chini ya tano kwa mia" ni sentensi inayoweza kupimwa. "Rais yuko hatarini" haipimiki. Anza chini, kwa sababu katika mwaka wowote ule viongozi wengi duniani humaliza mwaka wakiwa madarakani, hata wale wa nchi zenye shida, kisha panda kwa dalili mbili au tatu zinazotoka pande tofauti. Habari moja iliyorudiwa na watu ishirini mtandaoni ni habari moja.

Mwalimu mstaafu (Kampemba)

Mwanangu, hukunikosea adabu hata kidogo, na mfano wako wa Burkina Faso ni mzuri. Ila kumbuka nani alishika madaraka Compaoré alipoondoka: Luteni Kanali Isaac Zida, naibu kamanda wa kikosi kile kile cha walinzi. Umati ulifungua, kikosi kikaingia. Tuandike yote mawili, basi: kalenda inasema lini, kambi inasema kama itawezekana.

Mwanabiashara wa Katuba (Lubumbashi)

Hapo nimepata ukurasa wa kwanza. Bado swali moja, na ninaliuliza kwa sababu uvumi wa ugonjwa ndio unaotuumiza zaidi sokoni. Kiti kikiwa wazi ghafla, kwa kifo au maradhi, sheria inasema nini, na je, tutegemee vurugu?

Mhasibu wa Golf (Lubumbashi)

Vifungu vya 75 na 76. Serikali inaiomba Mahakama ya Katiba itangaze kwamba kiti kiko wazi, rais wa Seneti anashika nafasi kwa muda, na uchaguzi unafanyika kati ya siku 60 na 90, au hadi 120 ikiwa mahakama hiyo itakubali kwamba kuna sababu kubwa ya kuchelewa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huyo wa muda hana ruhusa ya kumteua waziri mkuu, wala majenerali, wala mahakimu. Anakuta makamanda waliowekwa na aliyeondoka, na hawezi kuwagusa kisheria. Kwa hiyo swali la vurugu linarudi kwa makamanda hao: wana mtu wao au hawana? Mwaka 2001, kabla ya katiba hii, walio karibu walikubaliana haraka juu ya mwana, naye akala kiapo siku kumi baada ya baba yake kupigwa risasi. Kinshasa haikuwaka.

Mwanabiashara wa Katuba (Lubumbashi)

Asanteni. Nitawapendekezea wenzangu kwamba mikopo ya wanachama isikatwe kwa sababu ya bei ya dola peke yake wala kwa habari ya mji ulioanguka mashariki, bali ipunguzwe nusu katika miezi miwili ya kila upande wa uchaguzi, na isimamishwe kabisa siku mkuu wa walinzi anapobadilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Daftari la amri za usiku nimempa binti yangu, ambaye kwa vyovyote huwa halali mapema.